Kitinda Mimba Naye Ana Wimbo Wake

Jumamosi iliyopita, msomaji mpenzi, niliumbuliwa nyumbani kwangu na mtoto wa miaka tisa, na wala hakuhitaji zaidi ya maneno matano.

Wanangu wawili wakubwa, pamoja na binamu yao, wana kibendi chao. Wana magitaa mawili, kinanda cha kuazima, na spika ambayo majirani wa ghorofa ya juu wameshanilalamikia mara tatu. Siku hiyo walikuwa sebuleni wakifanya mazoezi ya nyimbo watakazoimba katika harusi ya shangazi yao. Kitinda mimba wetu, ambaye ni msichana, alikuwa ameketi sakafuni kando ya kabati, akichora. Wimbo ulipofika katikati, aliinua kichwa akasema:

"Uzi wa tatu haujakaa sawa."

Kaka yake mkubwa alimtazama kama mtu anavyomtazama nzi aliyetua kwenye sahani. "Wewe chora," akamwambia. Mtoto alipotaka kusema tena, ni mimi, baba yake, niliyemkata kauli. "Mama, hebu nenda ukamsaidie mama yako jikoni. Waache kaka zako wafanye kazi."

Akaenda. Haikupita nusu saa, mara akabisha hodi mwalimu wa kwaya wa kanisa letu, ambaye tulikuwa tumemwomba aje awasikilize vijana. Alisikiliza ubeti mmoja tu, akainua mkono wawache kupiga. Akalichukua gitaa, akagusa nyuzi mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwenye uzi wa tatu akaukaza kidogo. "Haya, endeleeni," akasema. Wimbo uleule ukatoka kama kwamba umeoga.

Nilipogeuka, nilimwona kitinda mimba amesimama kwenye mlango wa jikoni, kitunguu mkononi. Hakusema kitu. Aliniangalia tu, kisha akarudi kumenya kitunguu chake.

Msomaji, macho yale yamenifuata wiki nzima. Nimejiuliza: kwa nini neno lilelile likitoka kwa mwalimu wa kwaya ni utaalamu, na likitoka kwa mtoto wa mwisho ni kelele? Gitaa halikujua ni nani aliyelisema. Uzi ulikuwa umelegea, basi. Aliyeusikia kwanza ndiye tuliyemfukuza.

Sisi wapenzi wa muziki wa Afrika Mashariki si wageni wa bendi za ndugu. Simba Wanyika, iliyovuma Nairobi tangu miaka ya sabini, ilijengwa na ndugu watatu kutoka Tanga: Wilson, George na William Peter Kinyonga. Them Mushrooms ya Pwani, iliyoanza mwaka wa 1972, iliwabeba wana wa Harrison. Aghalabu katika bendi za namna hii huwako kaka anayetajwa kwanza, na huwako mdogo anayetajwa mwisho, kana kwamba amekumbukwa wakati kalamu inawekwa chini. Leo ningependa nikusimulie habari za mdogo mmoja wa aina hiyo, kutoka katika jamaa ambayo huenda ndiyo maarufu kuliko zote zilizowahi kuimba pamoja. Jina lake ni Randy Jackson.

Najua unachotaka kusema. "Randy Jackson? Si yule bwana aliyekuwa mwamuzi wa mashindano ya uimbaji ya American Idol kwenye televisheni?" La, siye. Huyo wa televisheni ni mpiga gitaa la besi mwenye jina kama hilo, na hawana udugu wowote. Huyu wangu ni ndugu wa toka nitoke wa marehemu Michael Jackson. Unaona jinsi mambo yalivyo? Hata jina lake mwenyewe, mwenziwe amelichukua akaenda nalo mbele.

Tuanze mwanzo. Katika mji wa Gary, jimbo la Indiana nchini Marekani, ilikuwako nyumba ndogo yenye vyumba viwili vya kulala, nambari 2300 katika barabara iitwayo Jackson. (Barabara ilipata jina hilo kutokana na rais wa zamani wa nchi hiyo, si kutokana na jamaa hii.) Baba, Joe Jackson, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha chuma, na jioni alipiga gitaa na wenzake. Mama, Katherine, alipenda kuimba na kupiga kinanda. Katika nyumba hiyo walilelewa watoto tisa: Rebbie, Jackie, Tito, Jermaine, La Toya, Marlon, Michael, Randy na Janet. Rebbie alizaliwa mwaka wa 1950, na Janet mwaka wa 1966. Randy alizaliwa tarehe 29 Oktoba, 1961, wa nane kwa wote na wa mwisho kwa wavulana.

Kisa cha jinsi bendi ilivyoanza kimesimuliwa mara nyingi na jamaa yenyewe. Tito alikuwa akilichukua gitaa la baba kwa siri wakati mzee yuko kazini. Siku moja akakata uzi. Mzee aliporudi aliwaka, kisha akamwambia mtoto amwonyeshe anachojua. Aliposikia vidole vya Tito, hasira ikageuka kuwa mpango. Jackie, Tito na Jermaine wakawekwa kwenye mazoezi ya kila siku, halafu wakaingizwa Marlon na Michael.

Hapa nakuomba utulie kidogo, msomaji, kwa sababu watu wengi hulisahau jambo hili. Michael naye alikuwa mtoto mdogo wa nyumba hiyo. Mwanzoni macho ya baba yalikuwa kwa wakubwa, na sauti ya kuongoza ilikuwa ya Jermaine. Jamaa husimulia kwamba mama ndiye aliyemsikia Michael akiimba na kumwambia mumewe kwamba kuna sauti nyingine humu ndani. Na Michael alipokuwa na miaka mitano hivi aliimba mbele ya shule yake, na watu wakastaajabu. Kama mama asingelikuwa na masikio ya kusikiliza mpaka chini kabisa ya foleni ya watoto wake, huenda ulimwengu usingelimjua Michael Jackson.

Basi wakawa watano, na wakajiita The Jackson 5. Mwaka wa 1969 wakatia sahihi mkataba na kampuni ya Motown. Mwaka uliofuata vibao vyao vinne vya kwanza, "I Want You Back," "ABC," "The Love You Save" na "I'll Be There," vilifika kimoja baada ya kingine kwenye nambari ya kwanza ya chati za Marekani. 

Na Randy je? Wakati mkataba unatiwa sahihi alikuwa na miaka saba. Hebu litazame jina la bendi uone lilivyokuwa. Lilikuwa na hesabu ndani yake. Wakubwa zake wameshahesabiwa, wametimia watano, na nambari imebandikwa kwenye santuri, kwenye mabango na kwenye magari. Mtoto wa sita angejipenyeza wapi? Hakuna aliyemchukia. Hakuna aliyesema hana kipaji. Viti vilikuwa vimejaa kabla hajakua vya kutosha kuomba kiti, hayo tu.

Mwanangu, mwanafunzi unayenisoma, na wewe mzazi, nadhani mmelitambua jambo hili katika nyumba zenu. Kifungua mimba ndiye mwenye akili. Wa pili ndiye mwanamichezo. Wa tatu ndiye mchekeshaji. Kitinda mimba anapozaliwa anakuta sifa zote zimeshagawanywa kama nyama ya Krismasi, na yeye anaambiwa achukue mchuzi. Akiwa hodari wa hesabu, anaambiwa "anamwiga kaka yake." Akiimba vizuri, anaambiwa "na huyu naye!"

Randy hakununa. Alijifunza. Alijifunza kupiga ngoma za konga, kinanda na gitaa. Mwanzoni mwa miaka ya sabini alianza kuonekana jukwaani nyuma ya kaka zake, akizipiga zile konga, ingawa hakuwa amehesabiwa kama mmoja wa bendi. Mwaka wa 1974, jamaa ilipofanya maonyesho katika hoteli ya MGM Grand mjini Las Vegas, Randy mwenye miaka 12 na Janet mwenye miaka saba walipewa kazi ya kuwaigiza waimbaji mashuhuri ili watu wacheke. Watoto wa mwisho, unaona, kazi yao ilikuwa kuchekesha wageni huku wakubwa wakibadilisha mavazi.

Kisha mambo yakageuka. Kwa miaka yote ya Motown, nyimbo zao zilitungwa na watu wengine na ala zikapigwa na wanamuziki wa studio. Vijana walitaka kutunga wenyewe. Mwaka wa 1975 waliamua kuhamia kampuni ya Epic. Lakini Jermaine, ambaye alikuwa amemwoa binti wa mwenye Motown, alibaki. Motown nayo ikasema kwamba jina la Jackson 5 ni mali yake. Kwa pigo moja bendi ikapoteza ndugu mmoja na ikapoteza jina.

Ndipo Randy akaitwa. Bendi ikaitwa The Jacksons, jina ambalo halikuwa na hesabu tena. Lakini usifikiri kwamba alipokewa kwa vigelegele. Mashabiki wengi walimwona kama mtu wa kuziba pengo, "yule aliyeingia badala ya Jermaine." Albamu yao ya kwanza huko Epic ilitoka 1976, na ya pili, ya 1977, haikuuzwa vizuri. Watu wakaanza kunong'ona kwamba siku za wana wa Jackson zimekwisha.

Desemba mwaka wa 1978 ikatoka albamu iitwayo *Destiny*. Hii ndiyo iliyokuwa albamu ya kwanza ambayo karibu nyimbo zote zilitungwa na ndugu wenyewe. (Uliokuwa wa nje ni "Blame It on the Boogie," na mmoja wa watunzi wake alikuwa Mwingereza aitwaye Mick Jackson, ambaye vilevile hana udugu nao. Majina haya ya Jackson yana vituko vyake.) Katika albamu hiyo kulikuwa na wimbo mrefu wa karibu dakika nane, "Shake Your Body (Down to the Ground)." Mwaka wa 1979 wimbo huo ulifika nambari ya saba kwenye chati za Marekani, na nambari ya nne Uingereza. Bendi iliyokuwa ikichimbiwa kaburi ikafufuka. Albamu yenyewe iliuza zaidi ya nakala milioni moja Marekani pekee.

Sasa igeuze santuri hiyo usome majina ya watunzi wa wimbo. Ni wawili: Michael Jackson na Randy Jackson. Michael alikuwa na miaka 20. Randy, yule wa kuziba pengo, alikuwa na miaka 17.

Wala haikuwa bahati nasibu. Mwaka wa 1980 ukatoka wimbo "Lovely One" katika albamu ya *Triumph*. Watunzi? Michael na Randy tena. Michael alipotoa albamu yake *Off the Wall* mwaka wa 1979, aliyempigia ala za kugonga katika "Don't Stop 'Til You Get Enough" alikuwa ni Randy. Lakini ukimuuliza mtu yeyote barabarani hii leo ni nani aliyetunga "Shake Your Body," atakujibu bila kufikiri, "Si Michael!" Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo Randy.

Machi mwaka wa 1980 kijana huyu alipata ajali mbaya ya gari mjini Los Angeles. Miguu yake yote miwili iliumia vibaya, na ilihofiwa kwamba huenda asitembee tena. Mwaka uliofuata alikuwa jukwaani pamoja na ndugu zake katika ziara kubwa ya miji ya Marekani. Sijui wewe, msomaji, lakini mimi naona mtu aliyesubiri kiti miaka yote hiyo hawezi kukiacha kwa sababu ya miguu.

Baadaye Jermaine alirudi, na albamu ya *Victory* ya 1984 ikawa na ndugu wote sita. Humo Randy alitunga "One More Chance." Wimbo huo haukuvuma, lakini mtu mmoja hakuusahau. Mwaka wa 1993 Janet, mdogo wake, ambaye wakati huo alikuwa nyota wa dunia, aliurekodi upya kwa sauti yake mwenyewe na kuuweka upande wa pili wa santuri ya "If." Kitinda mimba mmoja alimsikia mwenzake. Na mwaka wa 1989 Randy aliunda kundi lake, Randy & the Gypsys. Walitoa albamu moja tu, haikufika mbali, na kundi likatawanyika.

Mwaka wa 1997 The Jackson 5 waliingizwa katika jumba la heshima la muziki wa roki nchini Marekani, Rock and Roll Hall of Fame. Majina yaliyosomwa ni Jackie, Tito, Jermaine, Marlon na Michael. Watano. Ile hesabu ya zamani ilikuwa bado iko mlangoni.

Mgala muue na haki yake mpe. Sisemi kwamba Randy alikuwa sawa na Michael. Waliokuwa sawa na Michael ni wachache mno katika karne nzima. Sisemi pia kwamba kila kitinda mimba anaficha hazina. Wengine, tuambizane ukweli, wanapiga tu kelele. Ninachosema ni kwamba bendi ilipokauka, miongoni mwa waliochimba kisima alikuwa ni yule ambaye jina la bendi halikumhesabu. Kama angalibaki nyuma akichekesha wageni, hasara ingalikuwa ya nyumba nzima na si yake peke yake.

Hapo, msomaji, nalazimika kukiri jambo ambalo sijawahi kuliandika katika ukurasa huu. Mimi pia nina mdogo wangu. Tulipokuwa wadogo, sisi wakubwa wanne tulikuwa na kikundi cha kuimba, na tulialikwa makanisani huku na kule. Yeye alikuwa akigonga sufuria jikoni, nasi tukimfokea anyamaze, anatuharibia sauti. Tulipokwenda kuimba, kazi yake ilikuwa kubeba mfuko wa vitabu. Miaka ikapita, kila mtu akashika njia yake. Yeye ni dereva wa lori, husafirisha mizigo kati ya Mombasa na Malaba. 

Miaka michache iliyopita nilipanda lori lake kutoka Nairobi hadi Eldoret. Tulipoanza kuteremkia Bonde la Ufa alianza kuimba, peke yake, kama mtu aliyezoea kuwa peke yake. Aliimba sauti ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, wimbo tuliokuwa tukiuimba sisi. Nikashtuka. Nikamuuliza alijifunza lini. Akajibu macho yake yakiwa barabarani: "Nilizijua zote, kaka. Hata ile ya nne ambayo nyinyi mlikuwa mkiikosea. Hakuna aliyeniuliza."

Hakusema kwa uchungu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Halafu Jumamosi iliyopita, baada ya kuyajua hayo yote, nikamtuma binti yangu jikoni.

Basi tufanye nini? Mimi si mtaalamu wa watoto, lakini nimejiwekea kanuni chache, nawe unaweza kuzichukua au kuziacha.

Kwanza, mtoto wa mwisho akisema jambo kuhusu kazi ya wakubwa, jambo lenyewe lipimwe kabla ya umri wake kupimwa. Uzi uguswe. Ikiwa amekosea, utakuwa umepoteza nusu dakika. Ikiwa amesema kweli, umejua jambo wawili wenu mlikuwa hamlijui: kwamba uzi umelegea, na kwamba huyu ana masikio. Usidharau wembamba wa reli, gari moshi hupita humo.

Pili, kusikiliza si kulazimisha. Joe Jackson mwenyewe alikiri katika mahojiano ya televisheni kwamba aliwachapa wanawe, na wao wamesimulia hofu waliyokuwa nayo kwenye mazoezi. Sioni kama umaarufu ni fidia ya utoto. Janet alitoa albamu mbili za kwanza, mwaka wa 1982 na 1984, chini ya usimamizi wa babake. Alipoamua kujisimamia mwenyewe ndipo akatoa *Control* mwaka wa 1986, na ulimwengu ukamjua kwa jina lake. Mtoto akipenda kinanda, mwachie kinanda. Akikichoka baada ya miezi mitatu, usimwimbie wimbo wa karo uliyolipa. Na shuleni usione haya kuuliza habari za tamasha za muziki. Mtaala wa sasa una mkondo wa sanaa na michezo katika masomo ya sekondari, kwa hivyo hoja yetu ya zamani kwamba "muziki si masomo" imepungua nguvu.

Tatu, na hili nawaambia hasa vijana wenye vibendi mitaani na vyuoni: kazi ya mtu iandikwe jina lake. Sababu moja inayotufanya leo tujue habari za Randy ni kwamba jina lake limeandikwa kwenye wimbo. Angalikuwa amemnong'onezea tu kaka yake tuni ile sebuleni, nani angalijua? Na jina si sifa tu, ni riziki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inamlinda mtunzi wa muziki maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mrabaha humfuata mtunzi. Kwa hivyo mkikaa mkatunga, chukueni daftari mwandike: tuni ni ya fulani, maneno ni ya fulani, tarehe fulani. Fanyeni hivyo mapema, wakati mngali mnapendana na hakuna pesa mezani. Undugu mwingi umevunjika kwa sababu ya wimbo ambao kila mmoja alidhani mwenzake anakumbuka nani aliuleta.

Nne, kwenu nyinyi wadogo mnaonisoma, pengine mkiwa mmekaa sakafuni huku wakubwa wameshika kochi. Jifunzeni katika muda huo ambao hakuna anayewatazama. Randy hakuungojea mwaliko ndipo ajue konga. Alipoitwa alikuwa tayari. Huenda usiitwe kamwe, siwezi kukudanganya. Lakini mdogo wangu barabarani kuelekea Eldoret alikuwa akiimba sauti zote tatu, na uso wake ulikuwa uso wa mtu mwenye mali.

Jumatano jioni nililichukua lile gitaa, nikazilegeza nyuzi mbili makusudi, nikamwita kitinda mimba. Nikamwambia, "Mama, nisaidie. Hili gitaa lina nini?" Alinitazama kwa muda, akapima kama ninamtania. Kisha akaketi, akalilaza mapajani kwa sababu ni kubwa kuliko yeye, akagusa uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu. "Huu," akasema. Akaendelea. "Na huu." Halafu akaniuliza, "Baba, umezilegeza wewe?"

Nikakiri. Akacheka mpaka akashika tumbo.

Kaka zake wamekubali, kwa shingo upande, kwamba kabla ya kila mazoezi gitaa litapitia kwake kwanza. Mkubwa ameniuliza kama sasa bendi itabidi ibadilishe jina, maana wamekuwa wakijiita kwa hesabu yao ya watatu. Nimemwambia watoe hiyo nambari kabisa. Huwezi kujua nani bado hajahesabiwa.

Nami jioni hii nina simu ya kupiga. Mdogo wangu atakuwa amefika Malaba, akingoja foleni mpakani. Ninataka kumuuliza ile sauti ya nne inakwendaje. Harusi ya dada yetu iko karibu, na sisi wakubwa bado tunaikosea.

Tukutane Jumapili ijayo, majaliwa.